Usimfungie ndani, linda uwanja

Chemba. Ikifika saa kumi alasiri, kabla mchezaji yeyote hajatia mguu kiwanjani, yeye anakuwa ameshafika. Anaokota mawe na miiba kwenye eneo la goli, anapanga madumu ya maji chini ya mti, kisha anaukalia mpira kusubiri wenzake. Jezi za timu nzima anazijua kwa namba. Mchezaji asipoonekana siku mbili, yeye ndiye wa kwanza kuuliza yuko wapi.

Ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Hapa nitamwita Kaka tu, kwa sababu ndivyo ninavyomwita nyumbani, na kwa sababu jina lake limeshasambazwa vya kutosha bila yeye kuombwa ruhusa. Ana miaka 31. Ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa na anatumia dawa za kifafa tangu utotoni. Kuhesabu fedha kunamsumbua, kusoma hawezi. Mpira anaupenda kuliko chakula.

Mwaka jana, baada ya alizeti kuvunwa na watu kupata nafasi, kijijini kulikuwa na mashindano ya kombe la mbuzi. Siku ya fainali zililetwa spika kubwa, singeli ikapigwa, na mshereheshaji akakodiwa kutoka mbali. Wakati wa mapumziko mshereheshaji akamwita Kaka katikati ya uwanja, akamtangaza kuwa ndiye shabiki bora wa mashindano.

Akapewa chupa ya pombe, akaambiwa ainywe yote. Akaambiwa acheze. Akaambiwa avue shati, kisha atembee kwa miguu na mikono akilia kama mbuzi wa zawadi. Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Simu zikainuliwa juu.

Kaka naye alikuwa anacheka.

Usiku ule kifafa kilimpanda mara mbili. Mama mkubwa alikesha naye akiwa amemlaza ubavu. Asubuhi binti wa jirani akamwonyesha video kwenye simu. Ilikuwa imeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya kata mbili, ikiwa na maneno ya kejeli juu yake.

Kuanzia siku hiyo, mama mkubwa alipokwenda shamba alimfungia mwanawe ndani kwa kufuli.

Nilipofika kusalimia, wiki tatu zilikuwa zimepita. Nilimkuta Kaka amekaa dirishani upande unaotazama kiwanja, chakula cha mchana kiko vilevile kwenye sahani. Nakiri kwamba siku ile nilimuunga mkono mama mkubwa. Niliona heri apate huzuni akiwa salama kuliko apate furaha akiwa hatarini.

Baadaye, nikiwa katika kazi yangu ya kuandika habari za afya, nilianza kujiuliza: waliokosea walikuwa uwanjani, kwa nini aliyefungwa ni yeye? Makala haya ni jibu nililolipata, na nawaandikia wazazi wenye mtoto ambaye miaka imekwenda, amekuwa mtu mzima, lakini bado anahitaji jicho la kumtazama.

*Mtu mzima asiye na mtetezi*

Mtoto mdogo akidhulumiwa, angalau tunajua pa kuanzia. Kuna simu namba 116 ya kusaidia watoto, kuna walimu, na kijiji kizima hukasirika. Akidhulumiwa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, maswali hugeuka. Si mtu mzima yule? Si alikwenda mwenyewe? Si alikuwa anacheka?

Shuleni mambo huwa nafuu. Wanafunzi wenye mahitaji maalumu wana walimu wao, na hata mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA yana michezo kwa ajili ya wenye ulemavu. Shule ikiisha, hayo yote huisha kwa siku moja. Kwa kijana wa kijijini, michezo inayobaki ni ile ya mchangani: timu ya kijiji, bonanza, kombe la mbuzi. Huko hakuna mwalimu. Kuna kocha wa kujitolea, mwandaaji anayetaka watu wajae, na mshereheshaji anayelipwa kuchekesha.

Takwimu zinaonyesha hatari hiyo si ya kufikirika. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani (WHO). Ulionyesha kuwa mtu mzima mwenye ulemavu yuko katika hatari ya kufanyiwa ukatili mara 1.5 zaidi ya asiye na ulemavu. Kwa wenye matatizo ya afya ya akili, hatari hiyo ilikaribia mara nne. Watafiti wenyewe walisema tafiti nyingi walizozipata zilitoka nchi tajiri.

*Kwa nini kufuli si tiba*

Mzazi anayefunga mlango anaogopa kwa haki. Ila kufuli nalo lina madhara yake, na mengine ni ya kiafya.

Mtu mwenye ulemavu wa akili anayekaa ndani siku nzima huongezeka uzito, hukosa usingizi mzuri, na anaweza kuingia kwenye sonona bila kujua namna ya kuieleza. Utaona tu ameacha kula, ana hasira au hazungumzi. Pia anakosa mashahidi. Anayejulikana na watu wengi, siku asipoonekana, huulizwa. Asiyejulikana na mtu anaweza kudhuriwa ndani ya nyumba hiyohiyo yenye kufuli, na wanaodhuru mara nyingi ni watu wanaofahamika.

Historia ya michezo ya watu wenye ulemavu wa akili duniani ina kisa cha familia iliyoufunga mlango. Nchini Marekani, Rosemary Kennedy, dada wa John F. Kennedy aliyekuja kuwa Rais, alikuwa na ulemavu wa akili. Mwaka 1941, akiwa na miaka 23, alifanyiwa upasuaji wa ubongo uliotazamiwa kumtuliza. Ulimharibu zaidi. Sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki aliishi kwenye kituo cha malezi, mbali na macho ya watu, hadi alipofariki mwaka 2005. Familia ile haikukosa fedha wala madaktari.

Mdogo wake, Eunice Kennedy Shriver, alikwenda njia nyingine. Mwaka 1962 alifungua uwanja wa nyumba yake uwe kambi ya michezo kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Julai 20, 1968, katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, yakafanyika mashindano ya kwanza ya Special Olympics, yakiwa na wanamichezo wapatao 1,000. Leo harakati hiyo iko katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo kupitia Special Olympics Tanzania. Mashindano yake ya dunia ya Berlin mwaka 2023 yalikutanisha maelfu ya wanamichezo.

Mambo matatu ya harakati hiyo yanaweza kumfaa mzazi wa Chemba, hata kama timu ya namna hiyo haijafika kijijini kwake. Kwanza, mtu huanza kushindana akiwa na miaka minane na hakuna umri wa kustaafu, kwa hiyo mtu mzima ana nafasi yake. Pili, kuna michezo ya pamoja, ambapo wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanakuwa timu moja. Tatu, tangu mwaka 1997 upo mpango wa kupima afya za wanamichezo bure: macho, masikio, meno, miguu na mengineyo. Mpango huo ulianza kwa sababu watu hawa walikuwa wanacheza wakiwa na maradhi ambayo hakuna aliyeyagundua, maana hawakuweza kuyasema.

*Madhara huingia kwa milango mingi*

Tukisikia ukatili, akili inakimbilia kwenye ubakaji. Huo upo, na tutaufikia. Lakini kwenye viwanja vyetu madhara mengi huanza kwa jambo dogo linaloitwa utani.

Kuna kufanywa kichekesho, kama ilivyomkuta Kaka. Kuna pombe na sigara za kumfurahisha. Kuna kutumwa kazi nzito bila malipo, kubeba magoli na kufua jezi za watu ishirini kwa ahadi ya soda. Kuna fedha: mashabiki wanamtunza, mwingine anazikusanya. Kuna kuchezeshwa akiwa ameumia, kwa kuwa hajui kusema goti linauma.

Kuna pia kutumia jina la ulemavu kwa faida ya wengine. Katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, timu ya Hispania ya mpira wa kikapu kwa wenye ulemavu wa akili ilichukua medali ya dhahabu. Baadaye ikabainika kuwa wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Aliyefichua ni mmoja wa wachezaji, mwandishi wa habari Carlos Ribagorda. Walioadhibiwa zaidi ni wasiokosea: wanamichezo wenye ulemavu wa akili wa dunia nzima waliondolewa kwenye Paralimpiki, wakarudishwa London mwaka 2012. Kwa hiyo ukisikia timu au mfadhili anaomba picha na cheti cha hospitali cha mwanao ili “tuombee msaada”, uliza msaada huo unamfikia nani.

Tena, hatari haiishii kwa wenye ulemavu. Mtu mzima yeyote anaweza kunaswa, hasa pale maisha yake ya michezo, fedha zake na nyumba yake vinapozungukwa na mtu mmoja. Majirani zetu wameonja uchungu huo. Oktoba 13, 2021 mwanariadha Agnes Tirop alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, Kenya, akiwa na miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, alifariki dunia katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mwenza wake. Baba yake aliwaeleza waandishi wa habari kwamba familia ilikuwa imeshawafahamisha polisi juu ya mwanamume huyo.

Baada ya kifo cha Tirop, wanariadha wenzake hawakuwaambia mabinti waache kukimbia. Walianzisha taasisi ya Tirop's Angels ili mwanariadha aliye kwenye mateso apate mtu wa kumweleza. Waliona kinachohitaji kubadilika ni mazingira yanayowazunguka wanaokimbia.

*“Si alikuwa anacheka?”*

Hili ndilo swali alilojibiwa mama mkubwa kila alikokwenda kulalamika.

Wataalamu wanaofanya kazi na watu wenye ulemavu wa akili wanafahamu jambo hili: wengi wao hujibu “ndiyo” ili kumfurahisha anayewauliza, hasa akiwa mtu wanayemheshimu au kundi linalowashangilia. Kucheka kwao huenda kukamaanisha wamefurahi kutazamwa. Hakumaanishi wameelewa wanachofanyiwa, wala kwamba wamekubali video ikae kwenye simu za watu miaka yote.

Kwa upande mwingine, tusimnyang'anye sauti yake. Mtu wa miaka 31 si mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka walindwe dhidi ya unyonyaji na ukatili (ibara ya 16) na unataka washiriki michezo na burudani sawa na wengine (ibara ya 30). Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Nchini tunayo pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Namna ya kumuuliza ina ufundi wake. Muulize mkiwa wawili, mahali patulivu, si mbele ya kocha. Mpe mambo mawili ya kuchagua badala ya swali la ndiyo au hapana: “Unataka kucheza na timu au unataka kuwabebea maji?” Rudia kesho kwa maneno mengine uone kama jibu ni lilelile. Kama ni picha, mwonyeshe kwanza, kisha mweleze nani ataiona. Muhimu kuliko yote, mzoeze kusema “sitaki” nyumbani, kwenye mambo madogo: nguo, chakula, saa ya kuoga. Mtu ambaye “sitaki” yake haijawahi kusikilizwa nyumbani hataitumia uwanjani.

*Maswali saba ya kumuuliza kocha*

Hayahitaji fedha wala elimu. Yaulize kwa heshima, mwenyekiti wa timu akiwapo, na mbele ya shahidi.

1. *Nani ana dhamana naye* tangu anapofika mpaka anaporudi nyumbani? Taka majina mawili, kwa sababu mmoja anaweza kusafiri.

2. *Kuna wakati anabaki faragha na mtu mmoja?* Chumba cha kubadilishia nguo, bodaboda ya usiku, nyumba ya kulala wageni timu ikisafiri. Kanuni iwe moja: watu wazima wawili wanaoaminika, na mahali panapoonekana.

3. *Fedha na zawadi zake zinapita mkononi mwa nani?* Ziandikwe, zifike nyumbani.

4. *Pombe itakuwaje?* Jibu liwe fupi: hapewi na mtu yeyote, hata kwa utani.

5. *Nani anaruhusiwa kumpiga picha na video,* na za kufanyia nini?

6. *Akiugua uwanjani, nani anajua la kufanya?* Kocha ajue dawa anazotumia na namba ya simu ya nyumbani.

7. *Akiwa na malalamiko, anamwambia nani* ambaye si kocha? Kama mlalamikiwa ni kocha, mwanao asilazimike kumpelekea kocha.

Kocha mwema hatakasirika. Wengi hawajawahi kuulizwa tu. Anayekasirika amekujibu.

Kwa mashindano makubwa zaidi, nenda juu ya kocha. Waandaaji huhitaji ruhusa ya kutumia kiwanja, hasa kikiwa cha shule. Hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wanaweza kuweka sharti kwamba hakuna mtu mwenye ulemavu atakayeitwa katikati kuchekesha watu. Afisa michezo wa halmashauri na afisa ustawi wa jamii wafahamishwe mapema. Mshereheshaji aambiwe kabla hajakabidhiwa kipaza sauti.

*Afya kabla ya filimbi*

Kama mwanao ana kifafa, michezo kwa kawaida haikatazwi, lakini mtaalamu wa afya amwone kwanza. Dawa zisirukwe siku ya mechi. Kulala vibaya, njaa na pombe vinaweza kuamsha kifafa, na pombe ikichanganyika na baadhi ya dawa za kifafa inaweza kulemaza upumuaji. Chupa ile aliyopewa Kaka kwa kicheko ingeweza kumuua. Asiogelee wala kuchezea bwawani peke yake.

Kifafa kikimpanda uwanjani: ondoa vitu vyenye ncha, weka kitu laini chini ya kichwa, mgeuze alale ubavu, tazama saa. Usimshikilie kwa nguvu. Usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Kifafa hakiambukizi, na povu lake halina madhara kwa anayemsaidia. Kikizidi dakika tano, au kikirudia kabla hajapata fahamu, akimbizwe hospitali.

Kwa mwenye sindromu ya Down, moyo upimwe, maana karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo. Wengine pia wana udhaifu wa mifupa ya juu ya shingo. Kabla ya kuruka sarakasi, kupiga mipira ya kichwa au mieleka, aonwe na daktari. Akianza kupepesuka, mikono kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo, aache mazoezi na apelekwe hospitali mara moja.

Wote wanahitaji maji na kivuli. Jua letu la kiangazi halina utani, na wapo wasioweza kusema wana kiu. Mpe chupa yake, na mtu wa kumkumbusha kunywa.

*Dalili ambazo mzazi asizipuuze*

Anakataa ghafla kwenda mahali alipokuwa anapapenda. Au kinyume chake: anataka kwenda saa zisizo za mazoezi. Ana fedha au simu isiyojulikana ilikotoka. Ana michubuko, nguo zimechanika, analalamika maumivu sehemu za siri au akienda haja. Anaogopa mtu fulani akitajwa. Amerudia kukojoa kitandani. Anasema maneno ya ngono ambayo hakuwa nayo.

Dalili moja haithibitishi jambo. Inakupa sababu ya kuuliza kwa upole.

*Likishatokea*

Msikilize mara moja, usimhoji kama polisi, wala usimrudishie swali mara kumi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na saa. Mwambie hana kosa.

Kama kuna dalili ya kuingiliwa kimwili, mwanamke au mwanamume, asioge na nguo zisifuliwe. Zifunge kwenye karatasi au kanga safi, si mfuko wa plastiki. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Kinga ya dharura ya mimba hutolewa ndani ya siku tano. Zipo hospitali zenye vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja.

Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambalo licha ya jina lake hupokea pia watu wazima, na uchukue fomu ya PF3. Lakini mwenye kutoka damu au aliyepoteza fahamu apelekwe kwenye matibabu kwanza, fomu ifuate. Wafahamishe afisa ustawi wa jamii na kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji, kama ipo. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 137, inamtia hatiani mwanamume anayemwingilia mwanamke huku akijua ana ulemavu wa akili. Hoja ya “alikubali” haimpi mkosaji mlango wa kutokea.

Na hapa niseme jambo gumu: usikubali liishe kwa wazee. Kila mwaka mashauri ya namna hii humalizwa chini ya mti kwa mbuzi na maneno ya kuombana radhi, kisha mkosaji anarudi uwanjani kwa wengine.

Kwa video ya udhalilishaji, usiisambaze hata kwa nia ya kulaani. Hifadhi ushahidi: picha ya skrini, jina la kundi, saa, namba iliyotuma. Mwombe kiongozi wa kundi aifute. Asipotaka, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Polisi ndiko pa kuanzia.

*Mlango ukafunguliwa*

Mama mkubwa hakuondoa kufuli kwa hotuba yangu. Aliliondoa kwa swali lake mwenyewe, lile linalowakosesha usingizi wazazi wengi kama yeye: nikifa leo, nani atamwangalia? Ameshapita miaka sitini. Akaona kwamba kama watu wa kijiji hawatamzoea Kaka sasa wakati yeye yu hai, hawatamzoea akishaondoka.

Akajifunga kanga, akaenda kwenye kikao cha timu pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Nilimsindikiza, ila sikuongea. Aliwaeleza juu ya usiku ule: mishtuko miwili, dawa, na yeye kukaa akisubiri pumzi irudi. Vijana wengi walikuwa hawajui. Walijua alikunywa na kucheka, hawakujua kilichofuata. Nahodha aliinamisha kichwa. Hakuna aliyesema “si alikuwa anacheka”.

Walikubaliana mambo machache na kuyaandika kwenye daftari la timu. Kaka awe mtunza vifaa, kazi yenye jina. Wawili wawe na dhamana naye, mmoja wao jirani wa ukuta kwa ukuta. Asipewe pombe. Mfukoni abebe kadi yenye jina la dawa zake na namba ya simu ya nyumbani. Video zifutwe. Zilifutwa kwenye simu za waliokuwapo. Zilizokwishatoka nje ya kijiji hakuna anayezijua ziko wapi, na hilo halina dawa.

Msimu huu fainali imechezwa tena, spika zilezile. Mshereheshaji alikuwa mwingine. Waandaaji walikuwa wamesahau kumpa maelekezo, na wakati wa mapumziko akamwona Kaka pembeni, akamwita kwa kipaza sauti aje acheze.

Nahodha aliinuka. Hakuwahi kufika. Kaka alikuwa anahesabu mipira, ambayo anaihesabu kwa kuigusa mmoja mmoja, na alijibu bila kugeuka kwamba hataki, yuko kazini.

Mama mkubwa alikuwa chini ya mti na wanawake wenzake. Hakusema kitu. Alikaza kanga yake kiunoni, akaendelea kutazama mpira.